Mahali Pasipokudai Kitu
Mhadhara kwa wauguzi, walimu na viongozi wa mitaa, Morogoro

Kina mama mliokuja na watoto mgongoni, karibuni, na mtoto akilia msiondoke, sauti yangu inatosha.

Nimeombwa niseme juu ya mawazo. Sisemi yale ya fundi anayepiga hesabu ya mabati, wala ya mama anayegawa pesa ya wiki kwenye unga, mafuta na nauli. Hayo yana mwanzo na mwisho. Nasema yale yanayomwamsha mtu saa tisa usiku na kumrudisha kwenye neno aliloambiwa na wifi yake mwaka juzi, kwenye deni, kwenye mtihani alioshindwa, kisha yakamuuliza maswali yasiyo na jibu: kwa nini mimi, mbona mambo yangu hayaendi, ningekataa siku ile ingekuwaje. Anawaza hadi adhana ya alfajiri, na kunapokucha hajapata hatua hata moja ya kupiga. Jiwe la kusagia likizungushwa bila nafaka linajila lenyewe, na mawazo ya namna hii ndivyo yanavyomla mwenyewe.

Mtu aliyeyachunguza kwa subira kuliko wengi ni Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 2013. Mwaka 1989 alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, California, na alikuwa amewapa wanafunzi maswali juu ya hali ya mioyo yao na namna wanavyokaa na huzuni inapowajia. Kama wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba, likapiga tetemeko kubwa la Loma Prieta. Hakuna mtafiti anayeweza kupanga jambo kama hilo. Alirudi kwa wanafunzi walewale siku chache baada ya tetemeko, na tena baada ya wiki saba. Waliokuwa na mazoea ya kukaa na huzuni na kuichambua tangu kabla ya tetemeko ndio waliokutwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Ardhi ilitikisika kwa wote. Kilichowatofautisha kilikuwa ndani yao tangu mwanzo, nacho ni ile tabia ya kurudia wazo lilelile.

Sasa, mtu wa namna hii akija kwetu tunamwambia nini? Tunamwambia, "Achana na mawazo." Jirani anamwambia, shemeji anamwambia, na mara nyingine muuguzi naye anamwambia hivyohivyo huku foleni ikisubiri mlangoni. Maneno hayo yana upendo lakini hayana msaada. Mtu aliyeagizwa aache kuwaza hukaa akijichungulia kama ameshaacha, na kule kujichungulia ni kuwaza kulekule. Anachohitaji ni pa kupeleka akili yake. Jioni hii nataka kuonyesha kwamba miti, maji, majani na anga ni mahali pa kuipeleka, na kwamba ushahidi wake haupo kwenye methali na kumbukumbu za bibi zetu peke yake.

Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake, nao wa Stanford, walichapisha jaribio ambalo napenda kulifundisha kwa sababu ni rahisi kulielewa. Walichukua watu 38 wanaoishi mijini, wasio na historia ya ugonjwa wa akili. Kila mmoja alitembea dakika 90, peke yake. Nusu walipelekwa kwenye eneo la nyasi, vichaka na mialoni karibu na chuo. Nusu walitembea kando ya barabara kuu ya Palo Alto yenye njia nyingi na magari yasiyokatika. Kabla na baada ya matembezi waliulizwa ni kwa kiasi gani wanarudiarudia mawazo mabaya juu ya nafsi zao, na ubongo wao ukapigwa picha. Waliotoka kwenye nyasi na miti walisema mawazo hayo yamepungua. Picha nazo zilionyesha kwamba sehemu moja ya mbele ya ubongo, iliyoko chini kwa ndani, ambayo hufanya kazi zaidi mtu anapojitenga na kuchambua huzuni yake, ilikuwa imetulia. Waliotembea barabarani, pamoja na kwamba miguu yao ilifanya kazi ileile, hawakubadilika.

Watu 38 ni wachache, na dakika 90 si maisha ya mtu. Sitaki mtu atoke hapa akidai kwamba msitu umethibitishwa kuwa dawa ya sonona. Ila tazameni jaribio hili linaondoa nini. Linaondoa ile hoja kwamba kinachosaidia ni mazoezi tu. Kutembea kuna faida zake nyingi, lakini makundi yote mawili yalitembea.

Basi miti inafanya nini? Jibu linalonishawishi zaidi limetoka kwa Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, mke na mume waliofanya kazi pamoja miaka mingi, na kitabu chao kikuu kikatoka mwaka 1989. Wao waligawa umakini wa binadamu kwa namna mbili. Kuna ule tunaoulazimisha: kusahihisha madaftari, kujaza kadi za wagonjwa, kuvuka barabara ya Msamvu saa ya mabasi, kusoma ujumbe wa benki. Umakini huo huchoka, na ukichoka mtu hukosa nguvu ya kulizuia wazo baya linapobisha hodi. Kuna mwingine usiotumia nguvu, unaovutwa na vitu kwa upole: jani linalopepea, maji yanayopita juu ya mawe, wingu linalokaa juu ya Uluguru na kufumuka polepole. Ukivutwa na vitu hivyo, ule wa kulazimishwa hupumzika. Na hapo ndipo pa kuona tofauti na televisheni au simu, ambazo nazo huvuta, lakini huvuta kwa nguvu kiasi kwamba hazimwachii mtu nafasi yoyote. Kitu chochote kinachopiga kelele kikitaka ukitazame hakikupumzishi.

Yupo mtafiti mwingine, Marc Berman, aliyewapeleka watu kwenye bustani ya miti mjini Ann Arbor, huko Michigan, na siku nyingine akawapeleka katikati ya mji. Baada ya matembezi waliombwa kurudia tarakimu kinyumenyume, kazi inayopima kama umakini umepata nafuu. Bustani iliwasaidia, mji haukuwasaidia. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Lakini sehemu ninayotaka muishike ni hii: baadhi yao walitembea mwezi wa Januari, katika baridi ya Michigan, ambayo si baridi ya Mgeta wala ya Lushoto. Hawakufurahia. Walisema wazi kwamba hawakufurahia. Na bado walipata nafuu sawasawa na wale wa kiangazi.

Mwaka 2012 akaenda mbali zaidi. Akawachukua watu 20 waliokuwa na sonona hasa, iliyothibitishwa na wataalamu, na kabla ya kuwatembeza akawaomba wakumbuke jambo la uchungu maishani mwao ambalo halijaisha. Unaweza kudhani huko ni kumtia mgonjwa chumvi kwenye kidonda: kumpakia huzuni yake, halafu kumwacha atembee nayo peke yake msituni. Kumbe waliotembea kwenye miti walirudi na umakini ulioboreka kuliko walipotembea mjini, na mioyo ikiwa imepata unafuu kidogo.

Kwangu mimi, tafiti hizo mbili zinabadilisha namna ya kumshauri mgonjwa. Hatuhitaji kumwambia kwamba atafurahi. Mtu mwenye sonona akiahidiwa furaha asiipate, anarudi nyumbani na jambo jipya la kujilaumu: hata maua yamenishinda. Hatuhitaji kumwambia aache mawazo getini. Aende nayo. Aende akiwa amenuna, aende akiwa anamlaumu mumewe. Anachotakiwa ni kufika na kukaa, na kazi inayobaki itafanywa na mahali penyewe.

Kila ninapoyasema haya, mtu husimama na kuuliza swali ambalo watafiti wa California hawajawahi kuulizwa, nalo ndilo swali zuri kuliko yote. Mwalimu, sisi tumezaliwa kwenye majani. Mama yangu yuko shambani tangu alfajiri, kazungukwa na migomba, ndege wanamlilia kichwani, na usiku hapati usingizi kwa mawazo. Mbona miti haimsaidii?

Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na naamini jibu lake ndilo kiini cha mhadhara huu. Shamba si mapumziko. Mkulima anapotazama mahindi yaliyonyauka haoni majani. Anaona ada ya shule, anaona mkopo wa pembejeo, anaona kikao cha ukoo ambapo atatakiwa kuchanga na hana. Anapotazama wingu anauliza kama litanyesha kabla mbegu hazijaoza. Kila kitu mbele ya macho yake kinamdai. Wanawake mnaowaona wakiteremka kutoka mlimani asubuhi na vikapu vya mboga kichwani wanapita kwenye njia ambayo wageni hulipia kupandishwa, lakini macho yao yako kwenye mawe wasiteleze, na akili iko sokoni, kwenye bei. Anayeokota kuni msituni anahesabu vijiti na kusikiliza kama askari wa misitu anakuja. Mvuvi naye yuko juu ya maji usiku kucha, na bahari kwake ni mizani.

Miongoni mwa mambo ambayo kina Kaplan waliyataja kuwa ya lazima, la kwanza lilikuwa mtu awe ameondoka, yaani awe nje ya yale yanayomtaka. Kuondoka huko hakupimwi kwa kilomita. Mama wa shambani hahitaji safari ya Serengeti. Anahitaji dakika kadhaa chini ya mti ambao si wake, ambao hatauvuna, hataupalilia, hautamletea deni. Kwa lugha nyingine, anahitaji mahali pasipokudai kitu. Na hilo, ndugu zangu, mwanamke wa kijijini hulikosa kuliko mtu yeyote, maana akionekana amekaa tu ataulizwa kwa nini amekaa. Wanaume wana mti wa bao, wana kijiwe, wana kahawa ya jioni. Mkitaka kumsaidia mama huyo, msaada wa kwanza ni kumpunguzia kazi hadi apate kukaa, na asiulizwe.

Tusisahau kwamba kazi nayo inaweza kuponya, kwa njia yake. Kule Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na hospitali ingali pale, katikati ya chai na misitu, na kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba. Jembe linaweza kumshika mtu mkono. Lakini kazi ya tiba hupimwa kwa nguvu za mgonjwa, haipimwi kwa gunia, na mwenye kuifanya hatalala njaa mahindi yasipotoka. Hiyo ndiyo tofauti yake na shamba la mama.

Watu wa pwani wamelijua jambo hili siku nyingi bila kupiga picha ubongo wa mtu. Jioni, jua likishapoa, mtu anavaa kanzu safi au anajitanda khanga yake, anakwenda ufukweni kupunga upepo. Ukimuuliza anakwenda kufanya nini, hana cha kufanya, na hakuna anayemshangaa. Forodhani ya Unguja na ufuko wa Coco, Dar es Salaam, hujaa watu wa namna hii, matajiri na makondakta pamoja. Sisi wa bara hatukuijenga vya kutosha desturi ya kwenda mahali bila shughuli, na ningependa tuijenge.

Mnataka kujua ni muda gani. Utafiti mmoja wa Michigan wa mwaka 2019 ulipima kotisoli, ile homoni ya msongo, kwenye mate ya watu waliokuwa wakitoka nje mara kadhaa kwa wiki, ukaona dakika 20 hadi 30 ndizo zenye faida kubwa kwa kila dakika inayotumika. Mwaka huohuo Uingereza ilitoa takwimu za karibu watu 20,000: waliofikisha dakika 120 kwa wiki kwenye bustani, misitu au fukwe walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, iwe walizitumia kwa safari moja au walizigawa. Takwimu hizi za pili zisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa mwenye afya ndiye anayetoka nje mara nyingi, na haijulikani kipi kimemzaa mwenzake. Mimi huwaambia watu wangu nusu saa, mara nne kwa wiki, simu iwe mfukoni imezimwa sauti. Tembea polepole au kaa. Ukikuta siafu wanavuka njia, simama uwatazame hadi mwisho wa msafara. Wazo likirudi, liache lirudi, nawe urudi kwa siafu.

Asiyeweza kutoka, mgonjwa wa kitandani au mzee asiye na miguu, afunguliwe dirisha. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani waliwasikilizisha watu sauti za ndege kwa dakika sita tu, na wasiwasi wao ukapungua. Waliosikilizishwa magari hali zao za huzuni zilipanda. Tetere na chiriku wetu hawana malipo.

Hapa naomba wauguzi mnisikilize zaidi. Mtu aliyekaa wiki mbili bila kulala wala kula vizuri, aliyeacha kuoga, anayesema ingekuwa heri asingekuwepo, huyo msimpeleke mtoni kutazama maji. Mpelekeni kwenye kituo cha afya leo hii, na asiachwe peke yake. Miti haichukui nafasi ya dawa wala ya mtu wa kuzungumza naye. Zimbabwe wameonyesha njia ya kuviweka pamoja: daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona huita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, kwenye benchi la mbao nje, katika uwanja wa zahanati. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi yale walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi, uwanja na bibi mwenye masikio, hakuna kati ya hivyo tusichokuwa nacho.

Limebaki suala la mahali penyewe, na hili nalielekeza kwa wenyeviti. Binti wa miaka 20 hawezi kufuata ushauri wangu ikiwa kichaka kilicho karibu naye ni cha kuogopwa. Msitu wa Karura, Nairobi, ulikuwa hivyo. Una zaidi ya hekta 1,000, uko ndani ya jiji, na kwa miaka mingi watu walisikia habari zake za vibaka na maiti zilizotupwa. Kabla ya hapo wenye nguvu walitaka kuugawana. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale wakavamiwa na wahuni waliokodiwa. Alipigwa kichwani, na kituoni aliitia saini taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Msitu ukaokoka. Baadaye wananchi wa pembeni na idara ya misitu wakashirikiana, uzio ukajengwa, walinzi wakawekwa, na leo wanawake hutembea mle peke yao asubuhi. Miti ilikuwepo wakati wote. Kilichokosekana ni watu kuamua kwamba mtu wa kawaida ana haki ya kuingia na kutoka salama.

Na pale pasipo na msitu, tuanze na viwanja vya shule na hospitali. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa mafaili ya wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, waliotolewa kifuko cha nyongo. Nusu, dirisha lao lilitazama miti. Nusu, lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walirudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Hapa kwetu kila hospitali kongwe ina mwembe au mkungu ambao ndugu wa wagonjwa hulala chini yake wakisubiri habari, na kila tunapojenga wodi mpya, mti huo ndio wa kwanza kukatwa, kisha uwanja unatandazwa vitofali na kusifiwa kwamba sasa ni msafi. Huo ni uharibifu, na nausema hivyo mbele ya waliousimamia.

Kwa hiyo nina ombi, na ningependa lijibiwe kabla hatujatawanyika. Masika yanakaribia. Kila mwalimu mkuu aliyepo ataje ni kona ipi ya shule yake itakayopandwa miti ya kivuli ambayo wanafunzi hawatatumwa kuipalilia kama adhabu. Kila mganga mfawidhi aseme benchi litakaa wapi. Na wenyeviti watuambie ni njia ipi ya kwenda mtoni itakayosafishwa, na nani atapita pale jioni kuangalia usalama. Nitaanzia safu ya mbele, upande wa kulia.